Vuli yangu niliiacha Michigan, nitaipata wapi The Hague?

Shangazi,

Shikamoo. Ninaishi The Hague, nchini Uholanzi, pamoja na mume wangu, ambaye ni Mholanzi, na watoto wetu wawili, wa kike mwenye miaka 6 na wa kiume mwenye miaka 4. Wazazi wangu ni Wakongo wa Uvira. Nililelewa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, na nilipofikisha miaka 11 familia yetu ilihamishiwa Marekani, katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, ambako niliishi hadi nilipoolewa.

Tulifika Michigan mwezi wa Oktoba. Miti ya mtaa wetu ilikuwa myekundu kabisa, na mama alituonya tusiiguse kwa sababu aliamini imepatwa na ugonjwa. Wiki chache baadaye, siku ya Alhamisi, mama mmoja mzee wa kanisa lililotupokea alibisha hodi akiwa amebeba bata mzinga aliyeokwa, viazi vya kuponda na pai ya boga. Jina lake la ukoo lilikuwa refu, lilianza na Van, na baba hakuweza kulitamka. Hatukuwa na meza wala viti. Baba aliona haya, akatandika mkeka tuliotoka nao kambini, akamwomba radhi mgeni kwa ishara. Yule mama alikunja magoti yake taratibu, akaketi nasi chini. Kabla ya kula alituonyesha kwamba kila mtu aseme anachoshukuru. Baba alisema kwa Kiswahili, akasema kwa muda mrefu, hakuna aliyetafsiri, na alipomaliza yule mama akaitikia amina. Tangu mwaka huo hatukuwahi kuikosa Sikukuu ya Shukrani, na kila mwaka baba alitandika mkeka ule ule hata baada ya kununua meza.

Baadaye nilizipenda na desturi nyingine za majira hayo: kwenda shambani kuchuma matufaa, kunywa maji ya matufaa yaliyopashwa moto kwa mdalasini, kuwavalisha wadogo zangu mavazi ya Halloween, usiku ambao watoto huomba peremende mlango kwa mlango, juu ya makoti, na kuwatazama Detroit Lions, timu yetu ya mpira wa Kimarekani, wakifungwa.

Mwaka jana nilijaribu kuyafanya hayo hapa. Niliagiza bata mzinga wa kilo 9, na mlango wa oveni yetu haukufungika. Wageni walifika saa kumi na mbili kamili jioni wakiwa na njaa, nami saa mbili na nusu usiku nilikuwa bado nakata nyama mbichi vipande. Mume wangu aliwakaangia mayai. Mama mkwe, ambaye anatoka kijiji kimoja cha jimbo la Zeeland hapa Uholanzi na ni mcha Mungu, aliuliza kwa nini watu washukuru siku ya Alhamisi, siku ya kazi. Wakati wa Halloween watoto walibisha milango 11, ikafunguliwa 2, na katika mmoja walipewa chenza. Binti yangu alilia. Mume wangu anasema tunayo sikukuu ya Sinterklaas, yaani Mtakatifu Nikolasi anayewaletea watoto zawadi, na hiyo inatosha. Hii yangu anaiita sikukuu ya filamu. Rafiki zangu Waafrika wananicheka, wananiuliza mimi Mkongo inanihusu nini, na mmoja wao aliyesoma historia anasema ninasherehekea siku ya wanyang'anyi wa ardhi.

Mama hunipigia simu kila mwaka siku hiyo, na huwa tunalia sote wawili. Shangazi, niache au niendelee? Na kama nitaendelea, nifanyeje, maana hata meza yetu ni ya watu 6 tu?

Mama Furaha,
The Hague

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama pale yule mama mzee anapokunja magoti. Umeiandikia jioni ile moja aya nzima, ilhali matufaa, Halloween na mpira umevimaliza kwa sentensi moja. Kwangu mimi hilo limejibu nusu ya swali lako. Unalia kwa sababu ya siku ambayo watu waliotoka kambini, waliozoea kupanga foleni ya mgao, waligeuzwa wenyeji ndani ya nyumba yao, wakamkaribisha mgeni kwa kile walichokuwa nacho, nacho kilikuwa mkeka. Rafiki zako wanaokuuliza inakuhusu nini hawakuwapo hapo. Usiwalaumu, lakini pia usiwaruhusu wakuamulie.

Nadhani neno lenyewe nalo linatuponza. Kwetu vuli ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, wakati wa kupanda, na tulipohitaji jina la majira ya Ulaya ya kupukutika kwa majani tuliliazima hilo hilo. Mswahili akisikia kwamba unaililia vuli ya Michigan, huenda akadhani unalilia matope. Sikukuu ya mavuno, hata hivyo, haihitaji tafsiri. Aliyekulia katika kanisa la Kilutheri huko Tanzania anaijua Jumapili ile ambayo watu huleta madhabahuni maboga, mikungu ya ndizi na majogoo yaliyofungwa miguu, kisha nje unafanyika mnada na muwa mmoja unauzwa kwa bei ya mbuzi. Ukiwaeleza hivyo wanaokucheka, watapunguza kicheko.

Huyo aliyesoma historia ana hoja, na anastahili jibu la heshima. Chakula kinachosimuliwa sana kililiwa Plymouth, Amerika, mwaka 1621, kati ya Waingereza kama 50 walionusurika baridi ya kwanza na Wawampanoag, wenyeji wa nchi hiyo, kama 90 waliofika pamoja na mkuu wao, Massasoit. Kilidumu siku tatu, na wenyeji walileta kulungu watano. Mwaka 1675, wakati wa mtoto wa Massasoit, vita vilizuka kati ya pande hizo mbili na Wawampanoag wakaangamizwa kwa wingi. Tangu mwaka 1970 wako wazawa wa Amerika wanaokusanyika Plymouth siku hiyo hiyo ya Alhamisi kuomboleza. Sikukuu ya taifa yenyewe, hata hivyo, ilitangazwa na Rais Abraham Lincoln mwaka 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, baada ya mwandishi Sarah Josepha Hale kuidai kwa miaka mingi. Na ni sheria ya mwaka 1941 iliyoifunga katika Alhamisi ya nne ya Novemba. Binti yako wa miaka 6 anaweza kuelezwa kwamba wageni walilishwa na wenyeji, kisha baadaye wageni wakawadhulumu wenyeji wao. Watoto huelewa jambo hilo upesi kuliko watu wazima. Ukilisema waziwazi mezani, hakuna atakayekuambia kwamba unaficha kitu.

Sasa nenda Leiden. Waingereza wale wa Plymouth, kabla ya kuvuka bahari, kiini chao kiliishi katika mji huo, ambao ni mwendo mfupi wa treni kutoka kwako, tangu mwaka 1609 hadi 1620. Mchungaji wao, John Robinson, hakusafiri nao. Alifariki mwaka 1625 na kuzikwa katika kanisa la Pieterskerk. Katika kanisa hilo hufanyika ibada ya shukrani kila mwaka, asubuhi ya Alhamisi ile ile, kwa ajili ya Wamarekani waishio Uholanzi. Kwa maneno mengine, watu ambao sikukuu yao unaionea haya nchini Uholanzi walikuwa wakimbizi nchini Uholanzi. Wapo hata wanaodai kwamba walijifunza kushukuru kwa karamu kutoka kwa watu wa Leiden, ambao kila tarehe 3 Oktoba hukumbuka kukombolewa kwa mji wao mwaka 1574 kwa kula samaki aina ya heringi, mkate mweupe na mseto wa karoti, vitunguu na viazi. Ushahidi wa dai hilo ni mwembamba, lakini mseto ni mtamu, na ukiupika usiku wako wa shukrani hakuna Mholanzi atakayeuliza ni chakula gani.

Mama mkwe wako nadhani umemsoma vibaya. Makanisa mengi ya Kiprotestanti ya Uholanzi, na huko Zeeland hasa, yana siku yao ya kushukuru kwa mazao na kazi, wanayoiita Dankdag, ambayo huangukia Jumatano ya kwanza ya Novemba. Mtu ambaye kanisa lake hushukuru Jumatano hawezi kuishangaa sana Alhamisi. Huenda aliuliza kwa sababu alitaka kujua, nawe ukiwa na nyama mbichi mkononi ukasikia lawama. Tena lipo jambo jingine. Mwaka 1847 makundi ya Waprotestanti wa Kiholanzi yalihamia magharibi mwa Michigan, yakaanzisha miji ya Holland na Zeeland, isiyo mbali na Grand Rapids uliyokulia, na wajukuu wao wamejaa katika mji huo hadi leo. Mwambie mama mkwe lile jina refu la yule mama wa bata mzinga, lile linaloanza na Van. Mwombe akufundishe kulitamka. Sitashangaa akikuambia kwamba kijijini kwao wapo watu wenye jina hilo.

Mumeo naye msikilize kabla ya kumpinga. Sinterklaas huwasili katikati ya Novemba, na kuanzia hapo hadi jioni ya tarehe 5 Desemba watoto wake wana viatu vya kuweka karibu na bomba la moshi na nyimbo za kuimba; ni utoto wake, naye anaogopa usisukumwe pembeni na bata mzinga. (Suala la wasaidizi wa Sinterklaas waliopakwa rangi nyeusi hukuniuliza. Siku ukiniuliza nitakuandikia barua nzima, na haitakuwa ya upole.) Nina shaka moja tu, nayo ni kwamba hujawahi kumweleza habari ya mkeka. Ameona oveni isiyofungika na wageni wenye njaa, na picha nyingine zote za siku hiyo amezipata katika filamu, ulitaka aiiteje? Mweleze usiku mmoja watoto wakiwa wamelala, bila kumwomba chochote. Baadaye kubalianeni juu ya siku mbili tu za kwako katika majira haya, chakula cha shukrani na siku moja ya shambani, kisha mengine yote ya Novemba yawe ya Sinterklaas.

Halloween ningeiacha iwe ndogo. Ilianza kwa Wairishi na jirani zao Waskoti, waliochonga taa kwa mboga za mizizi kabla ya wahamiaji wao kukutana na maboga huko Amerika, na Uholanzi haijaipokea sawasawa. Kubisha milango ya watu wasiojua unachotaka ni kumtafutia mtoto machozi. Wiki moja kabla, tia kikaratasi katika masanduku ya barua ya majirani watano unaowafahamu, ukiwaambia saa ya kuja na ukiwaomba waweke boga mlangoni kama wamekubali. Au subiri tarehe 11 Novemba, uwapeleke watoto Haarlem au mji mwingine wa Holland Kaskazini ambako watoto huzunguka jioni na taa za karatasi wakiimba milangoni kwa heshima ya Mtakatifu Martin, na wenye nyumba huwa wamekwisha kununua peremende. Huko milango itafunguliwa.

Siku ya shambani itakupa zaidi ya unavyodhani, mradi usiitafute Michigan. Miti mingi ya asili ya Ulaya Kaskazini haina wekundu ule ambao mama yako aliudhania ugonjwa. Hugeuka njano na kahawia tu, kwa kuwa majani yake hayatengenezi sana ile rangi nyekundu ambayo mti wa mepo (maple) wa Amerika hutengeneza kabla ya kudondosha majani. Ukiutaka wekundu, nenda misitu ya Veluwe ukatafute mialoni myekundu, au angalia kuta za nyumba za zamani zilizofunikwa na mtambaa unaowaka kama moto mwezi wa Oktoba. Mwaloni huo na mtambaa huo vililetwa kutoka Amerika Kaskazini, vikaota hapa, na hakuna anayeviuliza vinahusika na nini.

Nije jikoni, ambako ndiko ulikoshindwa hasa. Oveni nyingi za Uholanzi hazikutengenezwa kwa ajili ya ndege wa kilo 9. Nenda kwa muuza nyama ya ndege wiki mbili kabla, umwagize kifua cha bata mzinga chenye mifupa pamoja na mapaja mawili, uvioke katika trei mbili. Vitaiva kwa saa mbili hivi badala ya tano, na hutabaki na masalio hadi Sinterklaas. Wageni wako wakizoea kula saa kumi na mbili, chakula kiwe mezani saa kumi na mbili. Mholanzi aliyealikwa saa kumi na mbili hafiki saa moja kama shemeji zetu. Kwa mchuzi mwekundu usinunue wa kopo. Katika kisiwa cha Terschelling huota kranberi, tunda lile lile la Amerika, na husimuliwa kwamba zilianza na pipa lililosukumwa na bahari ufukoni katika karne ya 19. Zitafute dukani mwezi wa Novemba, uzichemshe na sukari na ganda la chungwa hadi zipasuke.

Boga la kopo ni adimu na ni ghali, nalo halikuhitajiki. Lile boga dogo la rangi ya chungwa linalouzwa kila soko likate vipande, uvioke hadi vilainike, uviponde na kuviacha vichuje maji katika kitambaa kwa saa moja. Usipochuja, pai itakuwa uji. Gramu 425 za boga hilo zichanganye na mayai 2, gramu 150 za ile sukari laini yenye unyevu wanayoiita basterdsuiker, na mililita 350 za maziwa mazito ya kahawa, yale yasiyo na sukari. Viungo visikupe tabu. Mchanganyiko ambao Wamarekani huutia katika pai ya boga ni mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu, na Waholanzi wanauuza tayari, pamoja na iliki ndani yake, kwa jina la viungo vya speculaas, biskuti zao za Sinterklaas. Vijiko viwili vya chai vinatosha. Ni viungo vya chai ya Unguja hivyo, mwanangu. Watoto wa mume wa Kiholanzi na mama wa Uvira aliyekulia Michigan watavila bila kujua ni vya nani. Oka kwa nyuzi 220 dakika 15, kisha 175 dakika 45, na uipike siku moja kabla.

Kuhusu siku yenyewe, usimwondoe binti yako shuleni Alhamisi. Uholanzi kwenda shule ni sheria kuanzia miaka 5, na wazazi hutozwa faini. Alhamisi jioni kuleni nyinyi wanne tu, kitu chepesi na pai. Detroit Lions, ambao walianza kucheza siku hiyo mwaka 1934, kwa kawaida huanza mapema mchana kwa saa za Michigan, yaani jioni kwako, hivyo kaka zako watakuwa wamekaa mbele ya televisheni na mama yako atakuwa jikoni. Mpigie wewe, usingoje akupigie, tena mpigie kwa video, umpe kazi: akuangalizie mchuzi. Mtu mwenye kazi hulia kidogo. Karamu ya wageni iwe Jumamosi.

Katika orodha ya wageni hao ongeza familia moja ambayo imefika Uholanzi mwaka huu na bado haina wenyeji. The Hague, mji ambao nyumbani tunaujua kwa mahakama yake tu, hazikosekani. Waombe mapema, maana watataka kuja na chakula chao, na uwaache walete. Mama mkwe aanze kushukuru, kwa Kiholanzi, kwa urefu anaoutaka.

Na hiyo meza ya watu 6 isogeze ukutani, uweke vyakula juu yake. Mwandikie baba yako akutumie ule mkeka. Mama mkwe mwekee kiti karibu, kwa sababu ya magoti.